Uongozi Niliouona Njia ya Machame

Kazi yangu jijini Dar es Salaam ni kusimamia miradi ya ujenzi, na nilipopanda Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza nilidhani nakwenda kupumzika. Kumbe nilikwenda kutazama, kuanzia langoni hadi kileleni, namna kazi ngumu inavyoendeshwa na watu wanaoijua.

Langoni Machame mizigo yote ilitundikwa kwenye mizani, mmoja baada ya mwingine. Kanuni za hifadhi zinataka mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Kijana mmoja wa miraba minne, wa kwake ukazidi. "Naumudu huu, mzee," akamwambia kiongozi wetu. Kiongozi hakubishana naye. Alifungua mfuko, akatoa mtungi mdogo wa gesi na dumu la mafuta ya kula, akamkabidhi mwingine mwenye nafasi, kisha akaurudisha mzigo kwenye mizani. Maofisini mwetu mchapakazi ndiye anayeongezewa kwa kuwa halalamiki, mpaka siku anapougua au kuacha kazi. Huo si usimamizi, ni kumaliza watu.

Tulipita msituni kwenye tope, kesho yake tukaibukia uwanda wa Shira. Kila asubuhi wapagazi walibaki nyuma kukunja mahema, kisha wakatupita njiani. Tulipofika kambini mahema yalikuwa yamesimama na chai iko tayari. Wa kuchota maji alijulikana, wa mahema alijulikana, na mpishi hakuingiliwa jikoni kwake. Jioni kiongozi alimpitia kila mmoja wetu na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, akiuliza maswali yaleyale: umekula, umelala, kichwa kinauma? Jibu la "niko sawa" halikumtosha. Aliandika namba kwenye daftari, akailinganisha na ya jana.

Kutoka Shira tulipanda hadi Lava Tower, kama mita 4,600, halafu tukashuka kulala kambi ya Barranco, karibu mita 4,000. Kwa hesabu ya mwinuko, kutwa nzima ya jasho ilituongezea kidogo sana. Lakini mwili huzoea hewa nyembamba kwa kupanda juu na kulala chini, na anayeiruka siku hiyo hulipa mbele. Ndivyo ilivyo kwa siku za kupima udongo au kufundisha mafundi wapya: mwenye fedha huona zimepotea, ilhali ndizo zinazobeba jengo.

Karanga, kambi iliyofuata, ndipo yalipo maji ya mwisho. Kambi ya Barafu, juu zaidi ya mita 4,600, haina chemchemi, kwa hiyo maji ya kupikia na ya kunywa yalipandishwa migongoni kutoka Karanga. Hakuna aliyegundua upungufu tukiwa tumeshafika.

Tulianza kupanda kilele usiku wa manane. Tangu langoni kiongozi alikuwa ametueleza kwamba neno lake juu ya kugeuza ni la mwisho, nasi tukakubali. Juu ya mita 5,000 mwenzetu mmoja akaanza kupepesuka. "Dada, hapa tunageuza. Msaidizi wangu atashuka na wewe mpaka kambini," alimwambia kwa upole. Hapakuwa na ubishi, na msafara haukusimama, kwa sababu wasaidizi waliletwa wa kutosha kwa ajili ya saa kama ile. Uamuzi mchungu huwa mwepesi kutekelezwa ukishakubaliwa watu wakiwa na akili zao timamu.

Alfajiri tulisimama kileleni Uhuru, mita 5,895. Tulipiga picha, tukakumbatiana, na kiongozi akatuhimiza kushuka mara moja kwa kuwa wengi huumia wakati wa kuteremka, miguu ikiwa imechoka.

Langoni Mweka, tulikoshukia, watu wote waliitwa pamoja. Kiasi cha bahshishi ya mpishi, ya wasaidizi na ya wapagazi kilitajwa hadharani, kila mmoja akasikia chake na cha mwenzake, akapokea mkononi mwake.

Nawaomba wenzangu tunaosimamia watu tuanze na mambo mawili: tupime mzigo wa kila mmoja kabla kazi haijaanza, na tumlipe kila mmoja haki yake, kwa uwazi, siku inapokwisha.