Nani anaishauri serikali kuhusu majirani zetu?

Nilipotea kidogo, majaribio yalinibana. Sasa yamekwisha, bumu nalo limekwisha (hili halihitaji utafiti), kwa hiyo nimekaa niandike.

Wiki hii kwenye semina tulijadili taasisi huru za utafiti wa sera, yaani vituo vinavyochunguza jambo, vinaandika ripoti na kuishauri serikali bila kuwa idara yake. Mfano ulikuwa Japani. Mwaka 1959 Shigeru Yoshida, waziri mkuu wa zamani, alianzisha taasisi ya mambo ya kimataifa kwa kuiga Chatham House ya London. Ila wizara ya mambo ya nje ya huko imekuwa ikiichangia fedha. Basi darasa likawaka moto: anayelishwa na wizara ataikosoa vipi?

Mimi mtoto wa Kasulu mawazo yalikuwa nyumbani. Kwetu siasa ya nje haiishii kwenye hotuba. Burundi ikichafuka, Kibondo na Kasulu tunajua kabla ya redio. Bei ya mahindi inabadilika, kuni zinakuwa mbali, zahanati inajaa. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na tena mwaka 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya. Nyarugusu yenyewe ilianza 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Je, nani alikuwa anaifikiria hali hii kwa kina? Wapo jamani. Taasisi ya Mwalimu Nyerere, iliyoanzishwa 1996, ilibeba kazi ya usuluhishi wa Warundi kule Arusha. Mwalimu alifariki Oktoba 1999, Mandela akapokea, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Hapa Mlimani kuna kituo cha utafiti wa uhamaji wa kulazimishwa. Profesa Bonaventure Rutinwa aliandika mwaka 1999 kuhusu namna nchi za Afrika zilivyokuwa zinafunga milango zilizoifungua zamani. Na sisi tulikuwemo: Machi 1995 tulifunga mpaka na Burundi, mwaka 1998 ikaja sheria mpya ya wakimbizi.

Mwaka 2003 kituo hicho kilitoa utafiti kuhusu athari za wakimbizi kaskazini magharibi mwa nchi. Kilichonifurahisha ni kwamba walipima pande zote. Misitu iliyokatwa na uhalifu viliandikwa, lakini masoko, barabara na huduma zilizokuja na kambi navyo viliandikwa. Kabla ya hapo ukimsikiliza mwanasiasa, mkimbizi ni mzigo tu. Ukimsikiliza mfadhili, mwenyeji hana malalamiko kabisa. Mtu wa Kibondo anajua yote mawili ni nusu ya habari.

Kwangu mimi huo ndio uhuru wenyewe. Swali la nani analipa ni la maana, maana hata pesa ya wafadhili wa nje ina mwenyewe. Lakini kipimo kikubwa ni kama unaweza kuwaambia serikali na mfadhili, wote wawili, jambo wasilopenda.

Je, wanasikilizwa? Si kila mara. Mwaka 2009 kituo kilekile, pamoja na wenzake wa nje, kilitoa ripoti kuhusu Warundi wa kambi ya Mtabila, Kasulu: wengi waliogopa kurudi na walikuwa wanabanwa warudi. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Mtafiti si mwamuzi. Ila aliacha maandishi, na kesho hakuna atakayesema hatukujua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria yetu inamtaka mgeni abaki kambini, asitoke bila kibali. Jembe atalishika wapi? Swali kama hilo linahitaji mtu wa kulichambua bila kuogopa cheo wala kuwinda mradi.

Sasa dukuduku langu. Watafiti wanapanda milima yetu, wanauliza wazee, wanaandika, wanaondoka. Ripoti inatoka kwa Kiingereza, inakaa Dar es Salaam na Geneva. Mei 2025 ilizinduliwa sera ya mambo ya nje iliyofanyiwa mapitio, na kukuza Kiswahili kumo ndani yake. Vizuri sana! Basi tuanzie hapo. Mzee wa Heru Juu aliyeulizwa maswali arudishiwe majibu kwa lugha anayoisoma, aseme hapa mmepatia, hapa mmetudanganya. Bila hivyo taasisi inaweza kuwa huru kwa wizara, huru kwa mfadhili, na huru pia kwa watu inaowaandika. Uhuru huo wa tatu mimi siutaki.

Naomba kuwasilisha. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na bumu likiingia.