Dhana Isiyotamkwa Katika Soko la Ng'ombe

Ninapowafundisha wanafunzi kuchambua hoja, huanza na kauli niliyoisikia mara nyingi katika masoko ya mifugo ya huku kwetu Busia: "Mwalimu, mtazame ng'ombe huyu. Anakula vizuri, anatembea vizuri. Huyu hana ugonjwa."

Kauli hii ina sehemu mbili zinazoonekana. Ya kwanza ni ushahidi: mnyama anakula na kutembea. Ya pili ni hitimisho: hana ugonjwa. Kati yake ipo ya tatu, ambayo muuzaji hakuitamka wala mnunuzi hakuiuliza: kwamba ng'ombe mgonjwa lazima auonyeshe ugonjwa wake kwa mwenendo. Hiyo ndiyo dhana isiyotamkwa.

Twaitambuaje? Ikanushe, kisha utazame kama hoja bado imesimama. Tuseme: "Ng'ombe aweza kuwa na maradhi na bado akala vizuri." Mara moja ushahidi wa muuzaji unakosa nguvu. Sasa jaribu dhana nyingine: "Muuzaji ni mwaminifu." Ikanushe, hoja haitikisiki, kwa kuwa mnunuzi amemwona mnyama kwa macho yake mwenyewe. Basi hoja haikuitegemea dhana hiyo.

Kwetu mpakani, jambo hili si mchezo wa darasani. Busia na Tororo zimo katika ukanda uliowahi kusumbuliwa sana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao humuua mtu asipotibiwa. Vimelea vya malale ya kusini-mashariki mwa Uganda huishi pia katika damu ya ng'ombe, na zebu wengi huvibeba bila dalili za wazi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 1998 malale yalizuka Soroti, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliuhusisha mlipuko huo na ng'ombe walioletwa sokoni kutoka maeneo yenye ugonjwa.

Tujihadhari, hata hivyo, na kosa la upande wa pili. Kuonyesha kwamba hoja ina pengo si kuthibitisha kwamba ng'ombe ni mgonjwa. Huenda ni mzima kabisa. Tulichoonyesha ni kwamba kula kwake nyasi hakutoshi kutuambia. Yatakiwa damu yake ipimwe, au atibiwe kabla ya kusafirishwa. Naye arukaye kutoka "hoja ni dhaifu" hadi "muuzaji ni mwongo" ameficha dhana yake mwenyewe: kwamba kila akoseaye katika hoja amekusudia kudanganya.

Ndiyo maana nalihesabu somo hili kuwa la uraia. Mfugaji anayeamriwa kumtibu ng'ombe asiyeonekana mgonjwa huhisi anaonewa: fedha ya dawa hutoka mfukoni mwake, na anayekingwa ni mtu wa wilaya nyingine asiyemjua. Tukimfunulia dhana iliyojificha, twampa sababu, wala si amri tupu. Na raia aliyepewa sababu aweza kuipima, kuihoji na hatimaye kuikubali.

Mwanafunzi, jaribu nawe hoja hii: "Wiki hii mtego wa kitambaa cha bluu umenasa mbung'o wachache kuliko wiki iliyopita, basi mbung'o wamepungua kijijini." Ni jambo gani halikutamkwa?