Dungu la Ndege

Katika likizo ya mwezi wa Juni nilifanya nyumbani kwetu Ihumwa jambo ambalo majirani waliliona la kuchekesha: niliwawekea ndege chakula. Msomaji aliyezaliwa Ugogo ataelewa mara moja kwa nini walicheka. Kwetu mtoto hafundishwi kulisha ndege, hufundishwa kuwawinga. Uwele na mtama vikianza kukomaa, watoto hupanda juu ya dungu tangu alfajiri, wana kombeo na debe la kupigia kelele, wala hawashuki mpaka jua litue. Nami nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, hata sauti ikanikauka.

Adui mkubwa ni kwelea-kwelea, kidege kisichomzidi shorewanda kwa ukubwa. Mmoja peke yake hula yapata gramu 10 za nafaka kwa siku, nacho ni kitu kidogo, lakini hawaji mmoja mmoja. Kundi la milioni moja, hesabu mwenyewe, ni tani 10 kila siku. Serikali hupeleka eropleni kunyunyiza sumu mahali wanapolala, na sumu hiyo haichagui: mwewe alaye mizoga yao hufa naye. Huko Kondoa wako watu wanaowanasa kwa mitego ya vikapu wakawafanya kitoweo, na kwa maoni yangu hao ndio wenye akili zaidi.

Mwalimu wetu wa Baiolojia aliniazima kitabu chenye picha za ndege, nikaona kwamba wale niliowatupia mawe utoto wangu wote walikuwa na majina mengi kuliko nilivyodhani. Nilitaka kuwatazama kwa karibu. Nilipomweleza babu, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi nawinga ndege tangu baba yako hajazaliwa, nawe wataka kuwaalika?" Nilimjibu kwamba mavuno yetu yamekwisha kuingia ghalani, nami sitagusa hata punje moja, nitatumia chenga na makapi yanayobaki bibi akiisha kupepeta. Akakubali kwa sharti moja: siku atakapomwona kwelea, chakula kiondoke. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa na mtama uliochelewa, ungali shambani.

Nilichimbia nguzo, nikapigilia ubao wa sanduku kuukuu juu yake, nikafunga matawi ya miiba ili paka asipande. Chini, mbali kidogo, niliweka kigae cha chungu chenye maji. Siku mbili za kwanza walikuja kuku tu, maana walidhani karamu ni yao, mpaka nguzo ikaongezwa urefu. Babu alisema nimewajengea ndege dungu.

Siku ya tatu walifika shorewanda. Kisha akaja mshigi, kidege cha kifua cha samawati, dume lake lina doa jekundu shavuni. Tetere hawakupanda kabisa, waliokota yaliyoanguka. Kwenzi walikuja kwa fujo kama sisi tusikiapo kengele ya chakula cha mchana. Lakini daftari langu lilionyesha kwamba wengi zaidi walifuata maji. Dodoma hupata mvua kama milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mwezi wa Juni madimbwi yamekwisha kukauka. Kila asubuhi nilikisugua kigae na kubadili maji.

Siku ya kumi na moja babu aliniita kutoka kwenye kigoda chake, bila kupaza sauti. "Mtazame yule wa kushoto." Alikuwa wa kahawia, mdomo mwekundu. Nikamwuliza mbona uso wake si mweusi kama wa dume katika picha. "Weusi ule ni wa wakati wa kuzaa," akajibu, "sasa wameuvua." Kitabu nacho kilisema hivyo, kwa herufi ndogo, na babu hajapata kukifungua. Walikuwa watatu. Nikautazama mtama wa yule mama ng'ambo ya njia, nikapanda, nikaung'oa ubao asubuhi ile ile, ingawa mshigi walikuwa wangali wanasubiri juu ya miiba.

"Maji yaache," babu akasema.

Wale kwelea walikunywa siku mbili, wakaenda zao. Juma la mwisho wa likizo walikuja cherero wawili, rangi ya kijani, kichwa cheusi na kola ya njano shingoni. Watu wa nchi za mbali huwafuga vizimbani, lakini kwao hasa ni Tanzania hii yetu, nao hutaga katika matundu ya miti kama mibuyu. Tangu Mji wa Serikali uanze kujengwa Mtumba, jirani yetu, nyumba zinaongezeka kila mwaka, nami sasa kila mbuyu nautazama juu kwanza, nitafute tundu.

Mimi nimerudi bwenini kujiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Mdogo wangu ndiye anayebadili maji. Amenipasha habari kwamba cherero sasa ni sita, na aliyewahesabu ni babu.