Mpira Ulio Bora, Bora kwa Nani?



Anayekabidhiwa fedha za wenzake ili anunue mpira hubeba zaidi ya fedha. Mchango niliopewa na vijana wa Kalembe ulitokana na vibarua vya kupalilia maharage na kubeba mizigo ya mihogo, noti kuukuu za faranga zilizokunjwa mara nyingi. Ulitosha mpira mmoja tu. Sokoni ilikuwapo mingi, na ilinibidi nijiulize: ulio bora ni upi, na ni bora kwa nani?

Mpira namba 5 ni wa watu wazima. Sheria za kandanda zataka mzingo wake uwe sentimita 68 hadi 70, na uzito wake gramu 410 hadi 450. Kila kijana huutamani, kwa kuwa ndio auonao miguuni mwa mashujaa wake. Namba 3 ni wa watoto wadogo. Katikati yao upo namba 4, wenye uzito wa gramu 350 hadi 390, ambao kwa kawaida hupewa watoto wa miaka 8 hadi 12. Huo wa katikati husahauliwa upesi.

Kabla ya kuchagua, niliufikiria uwanja. Kalembe ipo mpakani mwa Masisi na Walikale, katika nchi ya vilima. Uwanja wetu umeinama, una mawe upande mmoja, na mvua huugeuza tope. Wachezaji wengi hawana viatu. Wamo wavulana wa miaka 17, wamo wasichana, wamo pia watoto ambao jamaa zao walikimbia vita vijijini mwao. Mpira mzito uliojazwa hewa hadi kukaza huumiza mguu mtupu; mtoto huupiga mara mbili, kisha husimama pembeni akitazama. Mpira wa plastiki una bei ndogo, lakini upepo huuchukua na mwiba mmoja huumaliza. Ule wa majani ya migomba, tuliokua nao, hufundisha kutuliza mpira mguuni, lakini haudundi, na ukilowa huwa mzito mno.

Nikachagua namba 4. Kaka mmoja alinung’unika kwamba tumeletewa mpira wa watoto, na hoja yake ilikuwa ya haki: wakubwa wakienda kushindana Mweso watakutana na namba 5, ambao hupaa na kudunda kwa namna nyingine. Hasara hiyo ipo. Lakini mashindano huja mara chache, na jioni za kucheza ni nyingi. Nilimwambia kwamba wakubwa wanaweza kuuzoea mpira mwepesi, bali mdogo hawezi kujiongezea nguvu za mguu kwa siku moja.

Niliangalia pia namna ulivyoungwa. Mpira ulioshonwa kwa uzi hufunguliwa mshono, mfuko wa ndani ukazibwa kama mpira wa baiskeli, kisha fundi viatu akaushona tena. Uliogandishwa kwa gundi peke yake ukitoboka, ni vigumu kuufungua bila kuuharibu. Kwetu, ambako barabara hufungwa pasipo taarifa, kitu kinachoweza kutengenezwa na jirani kina thamani kuliko kinachong’aa.

Hata mabingwa waligombania mpira. Tarehe 30 Julai 1930, mjini Montevideo, Uruguay na Argentina zilikutana katika fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, kila moja ikitaka mpira wake. Ikaamuliwa kipindi cha kwanza kichezwe kwa mpira wa Argentina, na cha pili kwa ule wa Uruguay. Argentina iliongoza 2–1 wakati wa mapumziko. Uruguay ikashinda 4–2. Wao waliweza kugawana mchezo nusu kwa nusu. Sisi tulikuwa na mpira mmoja, hivyo ilitupasa kuchagua ule ambao wengi zaidi wangeweza kuucheza.

Kikundi chenu kikipata fedha za mpira, au za ngoma, au za kitu chochote cha wote, msianze kwa kuuliza kipi kinasifiwa. Tazameni mahali kitakapotumika, mjue ni nani atakayekitengeneza kikiharibika, na mmwite aliye mdogo kuliko wote akijaribu kabla hamjalipa.