"Ha" Iliyopotea Njiani

Bado napambana na baridi ya Birmingham. Leo nawasimulia kisa cha silabi moja.

Mei 2024 babu yetu alifariki huko Moshi. Ilikuwa siku chache baada ya tarehe 12, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na mtandao wa nyumbani ukawa wa kusuasua. Usiku shangazi akanipigia kwa intaneti, nami niko Small Heath, chumba cha juu, mbali na ruta. Nikamsikia: "Tutazika kesho." Basi, nikajua siwahi. Nikalia, habari ya tiketi nikaiacha.

Kesho yake jioni mdogo wangu akaniandikia: "Kaka, unafika lini? Tunakusubiri wewe." Kumbe shangazi alisema "Hatutazika kesho"!

Jamani, nilikasirika, halafu nikaanza kuchimba. Sauti ya simu hizi hukatwa vipande vidogo, aghalabu vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde. Zikipotea chache, programu haikwambii. Inanyoosha sauti iliyotangulia ili kuziba pengo. Kabla ya ile "ha" shangazi alikuwa kanyamaza kidogo, kwa hiyo pengo likazibwa kwa kimya. Safi kabisa, hata mkwaruzo hakuna!

Redio ya mtandaoni haisumbuki sana, maana inaweka akiba ya sekunde kadhaa na kuomba upya kilichopotea. Simu haiwezi kungoja, mtaanza kukatishana maneno. Kodeki ya Opus, iliyopitishwa 2012, ina ujanja wake: pakiti inaweza kubeba nakala hafifu ya ile iliyoitangulia. Ila silabi nzima ni pakiti kadhaa. Zikipotea mfululizo, na nakala zimekwenda na maji.

Siku hizi nimevuta waya kutoka kwenye ruta hadi mezani, maana Wi-Fi ya kupenya kuta mbili nayo ilichangia. Habari nzito naomba nitumiwe sauti iliyorekodiwa: ile husubiri mpaka vipande vyote vifike.

Nilifika Moshi Jumamosi asubuhi, tukamzika babu mchana. Shangazi sasa akipiga husema kila jambo mara mbili. "Hatuuzi shamba, mwanangu. Umenisikia? Ha-tu-u-zi."