Nilihesabu Viti, Sikuhesabu Watu

Nilikosea kuhusu Vinstri græn, chama kidogo cha Iceland cha mrengo wa kushoto na mazingira, na kosa langu niliwafundisha wengine.

Mwaka 2017 chama hicho, chenye wabunge 11 kati ya 63, kilikubali kutawala pamoja na wahafidhina wa Chama cha Uhuru na wenzao wa Chama cha Maendeleo. Kiongozi wake, Katrín Jakobsdóttir, akawa waziri mkuu. Nilifurahi mno. Wabunge wake wawili waliyakataa mapatano yale, nami nikawaita wakaidi. Katika semina za vijana wa mazingira nikasema: ingieni serikalini hata na mpinzani, mradi usukani uwe mikononi mwenu.

Dalili nilikuwa nazo. Chama kilizaliwa 1999, kikajijengea jina kwa kupinga bwawa la Kárahnjúkar, lililojengwa ili kukipa umeme kiwanda cha alumini, na kwa kuikataa NATO. Benki zilipoanguka 2008, watu waliokasirika wakakikimbilia: asilimia 21.7 mwaka 2009, viti 14. Kikaingia serikalini, na mwaka 2013 kikarudi na viti saba. Nikaulaumu msukosuko wa uchumi, nikapita. Wale wabunge wawili walipokihama chama, napo nikapita. Mwaka 2021 kikabaki na viti vinane. Nikasema muhimu ni kwamba Katrín bado anatawala.

Aprili 2024 Katrín alijiuzulu kugombea urais, akashindwa. Oktoba serikali ikavunjika. Matokeo ya uchaguzi wa Novemba 30 niliyasoma mara mbili, nikidhani nimeruka mstari. Asilimia 2.3. Hakuna kiti hata kimoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka saba nilikuwa nikimtazama waziri mkuu, na sikuwahi kuuliza waliokipigia kura chama ili kiwazuie wahafidhina walikuwa wakijisikiaje kuwaona wakitawala pamoja.

Kikundi kimoja cha vijana kilikuwa kimeshaufuata ushauri wangu. Kilijiunga na chama kikubwa wilayani mwao, ajenda yao ya mikoko ikawekwa kando, na wengi wakaondoka. Nimewaomba radhi. Waliobaki wameniuliza kama wanaweza kujitoa bila kupoteza ofisi waliyopewa. Sina jibu zuri la kuwapa.