Mizani ya Ijumaa



Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalifanya mlango ukiwa umefungwa. Nyumbani kwetu hapa Unguja tuna mizani, ile ya kioo ya kupanda kwa miguu. Tuliinunua Darajani miezi mitatu kabla ya harusi ya mdogo wetu. Kabla ya hapo, mizani tuliyoijua ni ya sokoni na ya kliniki ya watoto. Bibi zetu walikuwa wakimtazama mwari alivyonawiri, wakasema mashaallah, basi. Lakini sisi gauni lilikuwa limeshakatwa kwa fundi, na gauni halisikii mashaallah.

Tulikuwa ndugu watatu: dada mkubwa, wa kati na bi harusi mwenyewe. Tukakubaliana kupunguza mwili pamoja, na kujipima kila siku baada ya sala ya alfajiri. Tuliacha kaimati za jioni, chapati tukazipunguza, na baada ya alasiri tukawa tunatembea ufukweni. Wiki mbili za mwanzo tulikuwa tunacheka tu. Kila mmoja alipungua karibu kilo mbili.

Kisha mizani ikagoma. Leo imeshuka kidogo, kesho imepanda. Tukaanza kuamka na hofu. Namba ikiwa ndogo, siku inakuwa nzuri. Ikiwa kubwa, hakuna anayetaka kusemeshwa. Asubuhi moja bi harusi alikuta kilo moja na nusu imerudi. Siku hiyo hakugusa kitu. Tulipomwita kula alisema amefunga. Jioni, kwa fundi, akiwa amesimama apimwe gauni, miguu ilimlegea akaanguka. Tulipomrudisha nyumbani na kumnywesha uji ndipo akalia na kutwambia ukweli: hakuwa amefunga. Alikuwa katika siku zake. Alikuwa akikimbia chakula tu, na funga akaifanya kisingizio.

Tuliona haya. Si kwa ajili yake, kwa ajili yetu. Sisi wakubwa ndio tulioileta mizani ndani.

Somo wake alikuja usiku ule, akaichukua mizani, akaifunga kwenye kanga na kuitia stoo. Akasema, "Wanangu, huyu anaolewa na mume, haolewi na mizani."

Laiti tungejua mapema kile tunachokijua sasa. Usiku wa kabla ya ile asubuhi tulikula urojo na achari ya ndimu, na chumvi huyazuia maji mwilini. Hedhi nayo, siku za kuikaribia na za mwanzo wake, huwajaza maji wanawake wengi. Maji nusu lita ni nusu kilo, na mizani haijui maji wala mafuta, inajua uzito tu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, na wengi wetu hutumia kama 2,000 kwa siku nzima. Bakuli la urojo haliwezi kumtia mtu kilo moja na nusu ya mafuta kwa usiku mmoja. Hata zile kilo mbili tulizozishangilia mwanzo, sehemu yake kubwa ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji, na ukipunguza chapati na wali, akiba hiyo hutoka kwanza.

Harusi ilipita salama, alhamdulillah. Gauni lilifunguliwa kidogo ubavuni na hakuna aliyeona.

Hadithi ingeishia hapo tungewaambia: tupeni mizani. Lakini haikuishia hapo. Mizani ilikaa stoo mwaka mzima, nasi tukasema tumepumzika. Ramadhani ikaja na futari zake za muhogo wa nazi, sambusa na tambi, kisha Iddi, kisha harusi za watu. Mabuibui na madera ni mapana, hayamwambii mtu kitu. Dada mkubwa alipokwenda kupimwa kwa sababu ya kichwa kumuuma, aliambiwa presha imeanza kupanda. Uzito ulikuwa umeongezeka kilo nane. Hakuna aliyeona zikija.

Hapo tukaanza kusoma. Huko Marekani kuna kumbukumbu ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1994, National Weight Control Registry, inayowafuatilia watu waliopunguza zaidi ya kilo 13 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Hilo pekee halithibitishi kuwa mizani ndiyo iliyowasaidia, maana anayefanikiwa hupenda kujipima kuliko aliyeshindwa. Lakini lilitufundisha kwamba kilo moja ukiiona mapema unaiwahi, na nane zikishakusanyika ni kazi.

Kwa hiyo mizani imerudi, kwa masharti. Tunajipima Ijumaa tu, asubuhi, kabla ya kuoga josho la Ijumaa na kabla ya kula, tukiwa na kanga nyepesi. Aliye katika siku zake anaruka wiki hiyo. Namba inaandikwa kwenye daftari na daftari linafungwa. Hatuilinganishi na ya Ijumaa iliyopita. Tunatazama Ijumaa nne kwa pamoja. Zikipanda zote, tunapunguza vya kukaanga na kurudi kutembea. Hakuna anayekosa kula kwa sababu ya namba. Dada mkubwa amepungua kilo tano kwa miezi kumi, na presha yake inaendelea vizuri, pamoja na dawa zake.

Mdogo wetu hapimi. Akiiona mizani, ile hofu inamrudia. Yeye anatazama sketi yake moja ya zamani na pumzi zake akipanda ngazi, na hilo linamtosha. Dada yetu unayesoma, ukiwa kama yeye, usijilazimishe. Na kama umefika pahala pa kuogopa chakula chenyewe, mwambie mtu unayemwamini, na uende kwa daktari.

Kwa nyinyi mabibi harusi, tunawakumbusha kisa cha Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Alishindana mbio na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akiwa mwepesi, akamshinda. Baadaye mwili wake ulipoongezeka walishindana tena, safari hii Mtume akashinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Mwili wa mke ulibadilika, na ndani ya nyumba ile ukawa sababu ya mzaha na mapenzi.

Mwili ni amana. Tuuangalie, tusiutese. Ijumaa njema.